Sahani Ndogo: Mpishi wa Ujiji katika Makumbusho ya Uingereza

Asubuhi yangu ya kwanza jijini London, kwenye bufee ya hoteli, nilijaza sahani kama mtu aliyeambiwa kwamba meza itaondolewa baada ya dakika tano. Niliweka mayai ya kuvuruga, maharage ya mchuzi wa nyanya, viazi vilivyokwaruzwa vikakaangwa, nyanya za kuchoma, vipande viwili vya samaki wa moshi, jibini la aina tatu na mikate minne, kisha juu ya hayo yote nikaegemeza kipande cha keki ambacho kilianza kunywa mchuzi wa maharage kabla sijafika kwenye kiti. Binti yangu, aliyekuja kunipokea kutoka Glasgow anakosoma, aliitazama ile sahani, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Mama, chakula hakikimbii."

Niliona haya, tena haya yenye sababu. Nilifundisha sayansi kimu kwa miaka 26, na tangu nilipostaafu napika shughuli hapa Ujiji na Kigoma mjini: ndoa, maulidi, mahafali, na semina za maofisa wanaotaka chai ya saa nne iwe na vitafunio vitatu. Bufee ndiyo kazi yangu. Nimewasema watu wengi kimoyomoyo nikiwa nimesimama nyuma ya meza, nikiwaangalia wanavyojenga mlima wa pilau na kuuzungushia ndizi kama ukuta, na sasa nilikuwa nimejenga mlima wangu mwenyewe katika nchi ya watu.

Ila mtu wa kwetu hajazi sahani kwa ulafi tu. Anayehudhuria shughuli ukumbini anajua kwamba anayeitwa mwisho hukuta makombo, na anajua kwamba mwisho wa meza, penye nyama, amesimama kijana mwenye nguvu aliyekabidhiwa upawa na kamati, na kwamba kijana huyo ana maagizo ya vipande viwili kwa kila mtu hata angekuwa mjomba wa bwana harusi. Kwa hiyo mtu hulipiza kisasi kwenye wali. Katika shughuli zetu za zamani za Ujiji hapakuwa na vita hivyo, kwa kuwa watu wanne au watano walizunguka sinia moja, kila mmoja akala mbele yake, na mtu mzima aliyevuka mpaka kufuata mnofu wa mwenzake alijulikana mtaa mzima kabla ya magharibi. Sinia lina adabu yake iliyofundishwa tangu utotoni. Bufee tuliipokea vyombo vyake tu, bila adabu yoyote iliyokuja navyo.

Nilipomaliza kile nilichoweza, na hakikuwa hata nusu, niliacha kula nikaanza kutazama kazi ya wenzangu. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba vyombo vyao vilikuwa vidogo. Mimi huweka mezani chombo kirefu kilichojaa pomoni, kwa sababu mwenye shughuli anapenda wageni waone wingi. Wao waliweka chombo cha kina kifupi chenye mayai ya watu kama kumi na watano, na kabla hakijafika robo alitokea mama mmoja mwenye aproni nyeusi akiwa na kingine kinachofuka mvuke, akakiondoa cha zamani, akafuta ukingo wa meza kwa kitambaa, akatoweka. Hapakuwa na dakika ambayo mgeni alikuta chombo kilichochakurwa. Baadaye binti yangu alinisomea taratibu za usalama wa chakula za kule: cha moto kikae kwenye nyuzijoto 63 au zaidi, na cha baridi kisizidi nyuzijoto 8. Mayai yaliyokaa saa mbili katika chombo kikubwa hayawezi kushika joto hilo, na hata yakilishika yanakuwa mpira. Nimepika mayai ya mpira kwa watu wengi, Mungu anisamehe.

Jambo la pili lilikuwa vibao. Mbele ya kila chakula palikuwa na kibao kidogo chenye jina lake na orodha ya vitu vinavyoweza kumdhuru mtu, kwa kuwa sheria ya kule inataja vitu 14 ambavyo ni lazima mlaji aambiwe vikiwamo: karanga, maziwa, mayai, samaki, ufuta, ngano na vinginevyo. Vibao hivyo viliniokoa na jambo ambalo havikukusudiwa, maana palikuwa na soseji, vipande vya nguruwe vilivyokaangwa vikakunjamana, na vipande vyeusi vya mviringo ambavyo mimi, kwa macho yangu ya mpishi, nilidhani ni aina ya katlesi zilizoungua kidogo. Kumbe ni soseji ya damu. Nilirudi nyuma hatua moja kama niliyekanyaga kaa la moto.

Hapo ndipo palipotokea kisa kidogo ambacho nimekisimulia mara nyingi kuliko habari za malkia na minara. Mgeni mmoja, baba mtu mzima aliyevaa tai, alichukua koleo la kwenye nyama ya nguruwe, akatumia lilelile kuchotea uyoga, kisha akaliacha juu ya uyoga. Uyoga huo nilikuwa nimeupangia sahani yangu ya pili, kwani sikuwa nimekata tamaa kabisa. Nilisimama pale sijui la kufanya. Yule mama wa aproni nyeusi alipopita, binti yangu alimweleza kwa sauti ya chini. Hakuuliza kwa nini, wala hakutazama ushungi wangu. Aliuondoa uyoga wote, akarudi na chombo kipya na koleo safi, na alipokiweka alikigeuza mpini unielekee mimi. Kwa mpishi hiyo ni lugha. Nilimshukuru kwa Kiingereza changu cha shuleni, nikamwomba binti yangu amwambie kwamba mimi pia napika, na kwamba mayai yake ni laini. Alisimama kidogo, akacheka, akasema kwamba katika wiki nzima hiyo hakuna mgeni aliyemwambia neno lolote kuhusu chakula isipokuwa kuuliza vyoo viko wapi.

Kutoka mezani tulikwenda moja kwa moja British Museum, na nilikwenda nikiwa nimeshiba kiasi cha kupumua kwa zamu. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1753 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1759. Yana vitu vipatavyo milioni 8, na vinavyooneshwa kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yaani kimoja katika kila mia. Nilipoambiwa hivyo mlangoni ningepaswa kupunguza mwendo, lakini mimi nilifanya hesabu ya mtu aliyetoka Kigoma: nimepanda ndege mpaka Dar es Salaam, nimepanda nyingine, nimekaa usiku kucha nimekunja magoti, haiwezekani niondoke bila kuona vyote. Tukaanza. Niliona jiwe la Rosetta, lile lililochongwa kwa maandishi ya namna tatu na kuwapa wataalamu ufunguo wa kuisoma Misri ya kale, ingawa nilichokiona zaidi ni visogo vya watu waliolizunguka wakiwa wameinua simu. Niliona mafahali wenye mbawa na vichwa vya watu kutoka Ashuru. Niliona maiti zilizokaushwa, vyungu, sarafu, saa, panga, vyungu tena. Baada ya saa tatu nilikuwa nimeketi kwenye benchi nimevua viatu, na binti yangu aliponiuliza nimependa kipi zaidi, sikuweza kutenganisha Ashuru na Ugiriki. Vilikuwa vimechanganyika kama ile keki na maharage.

Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ililipiwa. Kanisa la Westminster Abbey hutoza watalii zaidi ya pauni 20 kwa mtu mzima, na fedha hizo nilizigeuza kichwani kuwa kilo za mchele, nikaumia, nikaapa kwamba kila pauni itarudi. Nilitembea kutoka kaburi hadi kaburi, mfalme hadi mfalme, nikifuata maelezo ya kifaa cha masikioni bila kuruka namba, mpaka wafalme wote wakawa mtu mmoja aliyelala chali amefumbata mikono. Kilichonirudisha kwenye akili zangu ni bamba jeusi la jiwe sakafuni, katikati ya kanisa, ambalo watu walikuwa wakilikwepa ili wasilikanyage. Alizikwa hapo David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti, tarehe 18 Aprili 1874. Maneno ya kwanza juu ya jiwe yanasema kwamba aliletwa na mikono miaminifu, kupita nchi kavu na bahari.

Mimi nimekulia Ujiji. Mwanafunzi yeyote wa kwetu anajua kwamba Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alimkuta Livingstone chini ya mwembe tarehe 10 Novemba 1871, na mnara wenye tarehe hiyo uko mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwangu. Tunajua pia kwamba baada ya Livingstone kufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miezi mingi, wakipita Tabora, mpaka Bagamoyo. Hayo nilikuwa nayajua kwa namna ya kujibia mtihani. Lakini kusimama kando ya lile jiwe na kuona mikono inasifiwa bila wenye mikono kutajwa kulinigusa mahali pengine kabisa. Nilimkumbuka yule mama wa uyoga. Tulikaa pale dakika kumi, nasi tulikuwa tukiwazuia watu njia, na dakika hizo kumi ndizo pekee ninazozikumbuka katika pauni zangu zote.

Glasgow ndiko nilikojifunza. Nilikaa huko wiki tatu, na kila binti yangu alipokwenda chuoni, mimi nilikwenda Kelvingrove, jumba la mawe mekundu lililofunguliwa mwaka 1901, ambalo kuingia ni bure kama kuingia sokoni. Sikuwa nimefikiri kwamba kutolipa kungebadilisha macho yangu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu asiyelipa hana deni la kudai. Unaweza kuingia kwa nusu saa, ukatazama kitu kimoja, ukatoka ukanunue maziwa. Siku ya kwanza nilitazama ndovu aliyekaushwa, aitwaye Sir Roger, aliyekuwa mnyama wa maonesho papo hapo mjini. Juu yake upande ule imening'inizwa ndege ya vita ya Spitfire, na watoto wa shule walikuwa wamelala sakafuni kifudifudi wakiwachora wote wawili kwenye karatasi moja. Siku ya pili nilikwenda saa saba mchana kusikiliza kinanda kikubwa kinachopigwa juu ya ukumbi kila siku, nikatazama mabomba yake basi. Nilikwenda mara tano. Mara ya nne mlinzi mmoja mzee aliniamkia kama jirani na kunionesha benchi ambalo halipigwi na upepo wa mlangoni.

Wakati huohuo tulikwenda kula katika mgahawa wa Kihindi wenye utaratibu wa kulipa mara moja na kula mpaka utosheke, nyama yao ikiwa ya halali. Safari hii niliingia kama fundi. Kabla ya kushika sahani nilizunguka meza yote, mikono nyuma, kama mkaguzi, na nikacheka peke yangu, maana nilimtambua mwenzangu. Mwanzo wa meza, pale penye sahani, walikuwa wameweka wali mweupe, wali wa manjano na mikate, katikati mboga, nyama mwisho kabisa, wakati sahani ya mgeni haina tena nafasi. Na mimi hupanga hivyohivyo, nikisema ni kwa ajili ya mpangilio mzuri. Si mpangilio, ni bajeti. Aliyenifundisha kazi aliniambia wazi kwamba wali ndio askari wa kwanza.

Nilianzia mwisho. Nilichukua sahani ndogo ya saladi badala ya ile kubwa, nikachota kijiko kimoja cha mbuzi, kijiko cha dengu na mchicha, na vipande viwili vya jibini bichi la Kihindi lililopikwa kwenye mchuzi wa njegere, kitu ambacho sikuwahi kukionja. Nikakaa. Nikala nikizungumza. Nilirudi kwa lile jibini tu, nikijaribu kutambua ni uwatu au ni kitu kingine kilichokuwa kikibaki ulimini. Mara ya tatu nilichukua kitu kitamu. Tulikaa karibu saa mbili, na nilipoinuka nilikuwa mwepesi na ninakumbuka kila nilichokula mpaka leo. Nilihesabu: nilikula pungufu ya nusu ya nilivyokula London, na nikajifunza mapishi mawili.

Jumamosi iliyofuata binti yangu alinipeleka Blantyre, chini ya nusu saa kwa treni kutoka Glasgow, mahali alipozaliwa Livingstone mwaka 1813. Nilikwenda kwa nia ya kutazama chumba kimoja, na bahati nzuri chumba kimoja ndicho kitu chenyewe. Nyumba ile ilikuwa ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, familia 24 zikiishi humo, na akina Livingstone, watu saba, walikaa katika chumba cha futi 14 kwa 10. Kitanda kimechimbiwa ukutani kama kabati, na kingine huvutwa kutoka chini yake usiku. Mtoto David alianza kazi kiwandani akiwa na miaka 10, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Wageni wengine waliingia, wakasema maskini, wakatoka. Mimi nilibaki mbele ya tanuri. Nilikuwa najaribu kumwona mama yake akizunguka pale na sufuria la uji wa shayiri bila kumuunguza mtoto, na nikaona kwamba haiwezekani isipokuwa wengine wote wapande kitandani kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa ratiba ya nyumba: mama akipika, watu wako juu ya kitanda. Hakuna kibao kilichoniambia hivyo. Niliambiwa na futi kumi.

Katika mkusanyo wa Blantyre zimo pia kurasa za shajara ya mwaka 1871, ambazo Livingstone aliziandika alipoishiwa karatasi na wino: aliandika juu ya kurasa za gazeti lililokwishachapwa, akakatiza mistari, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mbegu za mmea wa kutilia rangi nguo. Wino huo ulififia hata hausomeki, na wataalamu wakausoma upya kwa kupiga picha kwa miale ya rangi mbalimbali. Ndani yake mna habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, katika Kongo ya leo, ya Julai 1871, ambako wafanyabiashara wa utumwa waliwafyatulia risasi watu waliokuja na bidhaa zao, wengi wao wanawake. Baada ya kuyaona hayo ndipo aliporudi Ujiji, mgonjwa na mnyonge, akakuta mali aliyotumiwa imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Ghala tupu, kwa maneno mengine. Nikamuuliza binti yangu swali ambalo sijui kwa nini sikuwahi kuliuliza katika miaka yote ya kuishi kando ya mwembe ule: siku Stanley alipofika, walikula nini? Na nani alipika?

Usiku ule alitafuta kwenye simu, kwa kuwa maandishi ya wakubwa hao wawili ni ya zamani na yanasomwa bure, akawa ananitafsiria huku mimi nikimenya viazi. Stanley ameandika yote. Kwanza kutoka kwa Said bin Majid vilikuja vitu vya moto vya nyama iliyokatwakatwa, ambavyo kwa maoni yangu ni kababu tu. Kisha Mohammed bin Salih akaleta mchuzi wa kuku. Kisha Mwinyi Kheri akaleta mbuzi na wali. Na vyakula vikaendelea kuja kimoja baada ya kingine, nao wakila kila kilipofika. Niliweka kisu chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiamini kwamba bufee tuliletewa na mahoteli, kumbe chakula kilichofuatana sahani kwa sahani kilikwisha kuliwa barazani Ujiji mwaka 1871, tena kwa adabu ya kwetu, ya kila jirani kutuma chombo anaposikia mwenzake amefikiwa na mgeni na jiko lake limelala.

Na mpishi alikuwapo. Aliitwa Halima. Stanley anasimulia jinsi alivyokuwa akikimbia kutoka jikoni kwenda uani na kurudi, akiuliza maswali, amehangaika kwa sababu ghalani hamna kitu na mgeni yuko mlangoni. Na jinsi alivyoshangaa baadaye kuona watu wawili wamekula kiasi kile. Mpishi gani hajapita hapo? Mimi nimewahi kuambiwa saa tano asubuhi kwamba wageni si mia mbili tena, ni mia mbili na themanini. Nilimjua mwanamke yule kabla binti yangu hajamaliza sentensi.

Akaendelea kutafuta katika kumbukumbu za Livingstone mwenyewe, akamkuta Halima tena mwaka 1872, Kwihara karibu na Tabora, baada ya Stanley kuondoka. Alikuwa amegombana na mwanamke mwenzake wa msafara, akaondoka kwa hasira. Livingstone alituma barua kumfuata, lakini Halima alirudi mwenyewe akasimama nje, akitaka tu mzee atoke amwambie aingie. Alitoka, akamwambia aingie na asigombane tena, akampa nguo nzito ya kumkinga na baridi ili ajue hana kinyongo naye. Kisha akaandika kwamba tangu ampate hajawahi kumkaripia hata mara moja, kwamba haibi wala hamwachi mumewe aibe, na kwamba atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani watakapofika Zanzibar. Livingstone hakufika Zanzibar akiwa hai. Halima alikuwa katika msafara ule wa mwisho.

Niliporudi nyumbani sikusubiri wiki. Nilikwenda kwenye makumbusho yetu ya Ujiji, ambako nilikuwa nimewapeleka wanafunzi mara mbili katika maisha yangu yote ya kazi, na mara zote mbili tulifanya nilichofanya British Museum: foleni, haraka, majina kwenye daftari. Safari hii nilikwenda peke yangu, kutazama kitu kimoja. Zile sanamu mbili za ukubwa wa mtu ziko palepale, Stanley na Livingstone wakisalimiana, kofia mkononi. Kijana anayeongoza wageni alianza maelezo yake, nami nikamwomba radhi, nikamuuliza anadhani jiko lilikuwa wapi.

Alinyamaza kidogo. "Mwalimu," akasema, "hilo hajawahi kuniuliza mtu."

Tulitoka nje tukalitafuta. Nilimweleza kwamba kama hapa palikuwa na baraza, na wanaume wameketi hapa wakitazamana, basi jiko haliwezi kuwa upande unakotoka upepo, kwa kuwa moshi ungewatoa machozi wote wawili. Wala haliwezi kuwa mbali, kwa kuwa kababu zinapoa. Na mpishi mwenye hamu ya kujua nani amefika atataka mahali ambapo akichungulia ataona uani. Alikuwa akiandika. Tulizunguka mara mbili chini ya miembe, mimi nikipima kwa hatua, mpaka nikasimama mahali nilipoona panafaa na kumwambia, mimi ningepika hapa. Akaniuliza vyombo vya majirani vilihesabika vingapi, nikaanza kumhesabia kwa vidole: kababu za Said bin Majid, kuku wa Mohammed bin Salih, mbuzi na wali wa Mwinyi Kheri. Akaandika vyote, kisha akaniuliza jina la mpishi linaandikwaje.